Mto Unapopinda

Mto ukipinda mahali ambapo tambarare haina sababu ya kuupindisha, msomaji wa picha za setilaiti huanza kuuliza. Maji hufuata bonde. Yakikizunguka kitu kisichoonekana, huenda chini ya udongo kuna tabaka za miamba zinazoinuka polepole, zimekunjika kama mgongo. Mgongoni hapo ndipo mafuta na gesi hupenda kukwama. Ni vyepesi kuliko maji, hivyo hupanda ndani ya mawe yenye vitundu hadi vizuiwe na tabaka lisilopitisha kitu.

Ni kazi ya macho, nami naiheshimu kuliko kazi nyingi zinazotangazwa kwa mbwembwe.

Haikuanza na setilaiti. Kwenye milima ya Zagros, Iran, ambako miamba iko uchi na mikunjo yake haifichiki, watafutaji walifuata mafuta yanayovuja ardhini hadi kisima cha Masjed Soleyman kikafoka mwaka 1908. Kandokando ya Ziwa Albert, mwanajiolojia E. J. Wayland aliandika habari za mafuta yanayovuja katika miaka ya 1920. Ugunduzi wenye faida nchini Uganda ulikuja mwaka 2006. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972, iliongeza kimo cha kutazamia. Ukuta wa Bonde la Ufa, ambao mtembea kwa miguu huuona kipande kwa kipande, ukaonekana wote kwa mkupuo, pamoja na nyufa zinazoukata.

Ninachokipenda zaidi ni shaka ya wasomaji hawa wa picha. Baharini, mafuta yanayovuja hutuliza viwimbi, na rada ya setilaiti huona doa jeusi. Lakini upepo ukilala, maji huwa meusi vilevile. Nayo meli iliyomwaga uchafu huacha mstari mrefu nyuma yake. Kwa hiyo picha moja haiaminiwi. Hutafutwa za siku nyingine na pepo nyingine, na doa linalorudi palepale ndilo hutiwa alama kwenye ramani (tena kwa penseli). Nchi kavu nako mto huweza kupindishwa na mwamba mgumu tu, pasiwe na tone la mafuta chini yake.

Picha hupunguza eneo la kutafuta. Upimaji wa mitetemo hufuata, na kisima ndicho huhukumu. Anayewaahidi wawekezaji mapipa kwa picha peke yake anaidhalilisha fani.

Picha za Landsat hutolewa bure tangu 2008. Kijana wa jiolojia aliyeko Hoima, Lodwar au Mtwara asisubiri kuajiriwa: achague mto anaoujua, aufuate kwenye kompyuta hadi unapopinda, kisha aende mwenyewe akapaangalie.