Tovuti ni Yetu, Funguo ni Zao

Mimi ni mtu wa kilimo, si wa informatiki. Lakini kama unatumika na wakulima wa Masisi na Walikale, unajua: kila karatasi na kila jambo la simu linakuangukia wewe, kwani "wewe njo ulisoma." Njo vile mwaka 2022 nilijikuta katikati ya koperative moja ya wafugaji wa Masisi na kampuni moja ndogo ya Goma inayotengeneza tovuti. Majina nayaacha. Nikitaja kampuni moja mtafikiri ugonjwa ni wake peke yake, na haiko hivyo.

Koperative inatengeneza jibini, ile fromaji yetu ya mviringo ambayo kila mtu wa Goma anaijua na ambayo watu wanaibeba mpaka Kinshasa. Walitaka wanunuzi wa mbali wawapate bila kupitia mikono ya wachuuzi watano. Wazo zuri. Mama prezida akashuka Goma, akaongea na vijana wawili wa kampuni, wahitimu kama sisi. Bei ikaandikwa: dola 600, nusu avansi, nusu siku ya kumaliza. Mazungumzo yalichukua dakika 40 hivi. Vijana wale hawakupanda Masisi hata siku moja.

Hapa njo naanza kukosoa. Waliuliza maswali, siwezi kusema hawakuuliza. Lakini waliuliza nini? Mnapenda rangi gani? Muko na logo? Mnataka kurasa ngapi? Hawakuuliza nani atafungua hiyo tovuti, kwa simu ya aina gani, kwa luga gani. Hawakuuliza nani atajibu mnunuzi akiandika usiku. Kwetu sisi wa kilimo, mtu anayeshauri mbolea kabla ya kushika udongo tunamwita mchuuzi wa mbolea, hatumwiti agronomu. Kampuni inayouliza rangi kabla ya kuuliza mnunuzi inafanya kosa lile lile.

Matunda yake tuliyaona. Siku ya kutuonyesha kazi, ukurasa wa kwanza ulikuwa na ng'ombe wanono wenye madoa meusi na meupe, kwenye uwanja ulio sawa kama meza. Masisi kuna uwanja sawa wapi? Mzee mmoja mfugaji akacheka: "Hawa ng'ombe si wetu, hawajawahi kupanda mlima." Kwenye ukurasa wa "Historia yetu" kulikuwa na maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mama prezida akauliza kwa heshima: "Mutoto yangu, hii ni ya mapadri?" Hakukosea sana. Kilikuwa Kilatini, yale maandishi ya kujazia nafasi ambayo wachapaji wamezoea kutumia, yaliyokatwa-katwa kutoka kitabu cha Cicero. Kijana akasema: "Mama, hapo mtaandika nyinyi."

Sasa niwe mkweli, kwa sababu ukosoaji wa upande mmoja ni matusi tu. Koperative nayo ilikosa. Tuliombwa picha na maneno, tukakaa miezi miwili bila kutuma. Kila mmoja alingoja mwenzake. Tukatuma picha za WhatsApp zenye ukungu, kisha tukalalamika kwamba tovuti ni mbaya. Na ile nusu ya pili ya pesa tuliilipa kwa vipande vitatu. Vijana wa informatiki wako na malalamiko ya haki juu ya wateja wa namna hii, wanaobadilisha mawazo kila juma na kudhani kwamba kazi ya kompyuta haina jasho. Lakini swali linabaki: nani alikuwa na ujuzi wa kutabiri hayo? Mama prezida hakuwa amewahi kuagiza tovuti. Kampuni ilikuwa imetengeneza nyingi. Anayeijua njia njo anapaswa kusema mapema kwamba kuna mto mbele.

Kulikuwa pia na jambo la majaribio. Kazi ilijaribiwa ofisini Goma, kwenye kompyuta, na intaneti ya ofisi. Ilikuwa inang'aa. Huku juu, mtu anatafuta mtandao kwenye mgongo wa kilima, na mega alizonunua asubuhi anazihesabu. Picha moja tu kutoka simu ya leo inaweza kuwa na uzito wa megabaiti 3 au 4. Ukiweka kumi bila kuzipunguza, umejenga nyumba ambayo mwenye nyumba hawezi kuingia. Kupunguza picha ni kazi ya dakika chache, na kuandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili pembeni ya Kifaransa hakuhitaji mashine mpya. Kinachohitajika ni mtu kukumbuka kwamba mteja anaishi mahali fulani.

Haya yote yangesameheka. Kilichotuuma kabisa ni funguo.

Tovuti inasimama juu ya vitu vitatu. Kuna jina lake, ile anwani unayoandika, ambalo linasajiliwa na kulipiwa kila mwaka. Kuna seva ambapo mafaili yanalala, nayo inalipiwa kila mwezi au mwaka. Na kuna mlango wa ndani, wenye neno la siri, ambapo unabadilisha maandishi na bei. Programu yenyewe mara nyingi ni WordPress, ambayo ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003. Maana yake, kile mteja anachonunua hasa ni kazi ya mikono, pamoja na hizo funguo tatu.

Kampuni yetu ilisajili jina kwa jina lake yenyewe, kwa barua pepe yake, ikalipa kwa kadi yake. Funguo zote tatu zikabaki Goma. Mama prezida alipouliza, akajibiwa: "Mama, usiwe na wasiwasi, sisi njo tutasimamia." Akaniangalia mimi, msomi wake. Nami, kwa kutojua, nikatikisa kichwa kwamba ni sawa. Hilo kosa ni langu, nalibeba.

Januari 2025 vita ikafika Goma. Benki zikafunga milango. Kadi haikulipa tena, vijana wale kila mmoja akakimbilia kwake, namba zao zikazimika. Sina hasira nao kwa hilo, kila mtu alikuwa anaokoa roho yake. Lakini muda wa jina letu uliisha katika majuma yale yale. Kwa majina yanayoishia .com au .org, muda ukiisha jina halipotei siku hiyo hiyo. Msajili anaweza kuliacha mpaka siku 45 ukilipa kawaida, kisha kuna siku 30 za kulikomboa, mara nyingi kwa bei ya juu zaidi. Hayo niliyajua kwa kuchelewa. Tulipoamka, jina lilikuwa la mtu mwingine, na anwani ile ilikuwa imechapwa kwenye karatasi zote za fromaji.

Fikirieni: kulipia jina kama lile ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Kama lingekuwa limesajiliwa kwa jina la koperative, ndugu yeyote aliye Kampala au Nairobi angelipa kwa kadi yake dakika tano, na jambo limeisha. Pesa haikukosekana. Ufunguo njo ulikosekana.

Mnajua mahindi chotara. Mwaka wa kwanza shamba linajaa, unafurahi. Ukichukua punje za mavuno na kuzipanda tena, mahindi yanatoka marefu na mafupi, kila moja na tabia yake. Kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Chotara si uovu, lakini mkulima anapaswa kuambiwa kabla ya kununua. Tovuti ambayo funguo zake zinabaki kwa fundi ni mbegu ya namna hiyo, na sisi hatukuambiwa.

Wengine watasema: kampuni inashika funguo kwa kujilinda, kwani mteja akipewa zote atakimbia na deni. Naelewa. Basi iandikwe hivyo: funguo zinatolewa siku deni linapoisha. Mkataba wetu wa ukurasa mmoja haukusema lolote juu ya funguo, ulisema tu "tovuti ya kisasa." Nchi yetu sasa iko na sheria ya digitali, ile ya 13 Machi 2023, lakini sheria haiwezi kukutetea kwa jambo ambalo hukuliandika.

Mwaka uliofuata, kikundi cha wakulima wa Walikale wenye mafuta ya mawese kikaniomba niwatafutie mtu wa tovuti. Safari hii nilimleta dada mmoja aliyemaliza informatiki, na nikakaa kimya nimsikilize. Aliuliza: "Wanunuzi wenu wako wapi? Wanawafikia namna gani leo?" Wakajibu: kwa simu, na kwa WhatsApp wakipata mtandao. Akawaambia: "Wababa na wamama, kwa sasa tovuti si ya lazima. Mtalipa kila mwaka kitu ambacho wanunuzi wenu hawatafungua." Akawatengenezea akaunti ya biashara ya WhatsApp, picha za bidoni zao wenyewe, bei kwa Kiswahili, kwenye simu ya kikundi. Akafundisha watu wawili mpaka wakaweza kubadilisha bei wenyewe bila yeye kushika simu. Neno la siri wakaliandika wao kwenye daftari la kikundi. Alipata pesa ndogo siku ile. Lakini tangu hapo ameitwa na vikundi vingine, na kila mara ni wakulima wenyewe wanaotaja jina lake.

Njo kipimo changu. Kampuni isipimwe siku ya uzinduzi, wakati ukuta unang'aa na soda zinafunguliwa. Ipimwe siku inayoondoka: mteja anabaki na nini mkononi, na anaweza kufanya nini peke yake?

Wewe unayemaliza informatiki mwaka huu, sajili jina la mteja kwa jina la mteja. Mpe orodha ya tarehe za kulipa, kwa karatasi, maana simu inaibiwa. Panda mlima mara moja kabla ya kuchora chochote. Na wewe mwenzangu wa kilimo, wa sheria au wa ualimu, ambaye kijiji kitakusukuma mbele kwa sababu "wewe njo ulisoma," usitikise kichwa kwa jambo usilolielewa. Uliza funguo ziko wapi kabla mama hajatoa avansi.

Koperative yetu imesajili jina jipya. Liko kwa jina lao, na barua pepe yao. Mama prezida ameandika tarehe ya kulipa ukutani, pembeni ya kalenda ya chanjo ya ng'ombe.