Hii Haiko Kiko: Postikadi ya Magritte na Upatanisho wa Ngeli

Mkazi wa Fataki atakaye kutundika picha ya René Magritte ukutani, njia iliyo karibu naye ni postikadi, aliyoinunua mwenyewe safarini au aliyoletewa na ndugu kutoka Brussels. Mchoro uitwao La Trahison des images, yaani Usaliti wa Picha, ulichorwa mwaka 1929 na sasa umehifadhiwa Los Angeles, Marekani. Una upana wa sentimita 81 hivi na kimo cha sentimita 60. Postikadi huupunguza ukaenea kiganjani. Hasara hiyo si kubwa kama wanavyodai wapenzi wa rangi za mafuta, kwa kuwa mchoro huu hausimami kwa ukubwa wake bali kwa sentensi moja. Chini ya kiko kilichochorwa kwa uangalifu wa tangazo la duka, Magritte ameandika: Ceci n'est pas une pipe. Maneno hayo ni sehemu ya picha, hayafutiki. Tafsiri ya Kiswahili haina budi kukaa nyuma ya kadi. Basi itakuwa tafsiri ipi?

Mwalimu wa Kiswahili sanifu ataandika "Hiki si kiko". Ni sahihi kisarufi, na ndipo ilipo ila yake. Ceci haitaji jinsi ya kitu kinachoonyeshwa. Hiki, kinyume chake, kimekwisha kukiingiza kitu hicho katika ngeli ya KI-VI, yaani kimekubali nusu ya jambo linalokanushwa. Mtetezi atasema kwamba hiki kinarejelea kitu. Huenda, lakini sikio linasikia ki- mbili zikiitikiana. (Mwaka 1964 Magritte aliurudia mchezo huo kwa tufaha, hapo taabu ingekuwa ya hili.) "Hii si kiko" huuvunja mwitikio huo, ila kwa msemaji wa sanifu hii ni picha, na kitendawili huteguliwa kabla ya kutegwa.

Kiswahili cha Bunia, ambacho darasani huitwa kibovu, hakina shida hiyo. Upatanisho wa ngeli umelegea: kitu hii husikika kila siku, na hii imekaribia kuwa kionyeshi kisicho na ngeli. Aidha iko hutumika kama kitenzi kishirikishi. "Hii haiko kiko" ni sentensi ya sokoni kabisa. Msomaji wa Dar es Salaam ataisikia kwa namna nyingine, kwamba kitu hakipo mahali pale. Naye hatakuwa amekosea: kiko hakipo, kuna rangi tu, na juu ya postikadi hata rangi ni wino wa chapa.

Kwa watu wa Kongo suala hili si mchezo wa sarufi peke yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 Casimir Zagourski, mpiga picha wa Léopoldville, alitoa mfululizo wa postikadi ulioitwa L'Afrique qui disparaît. Humo wamo Wamangbetu, majirani wa Ituri upande wa kaskazini-magharibi, na maelezo mafupi ya kutaja kabila. Mnunuzi aliambiwa kwamba huyu ndiye Mmangbetu. Hakuna aliyemwandikia kwamba huyu siye, ni karatasi.

Mchapishaji atakayeiuza kadi ya Magritte Bunia na aiache sentensi ya sokoni kama ilivyo. Mwalimu atakayetaka kuisahihisha ataikuta nafasi tupu ya kuandikia kando yake.