Tundu ndogo ao kupasua: kwa mutoto wa Walikale tunahesabu nini?

Wandugu walisansie, siku hizi watu wanasifu sana operasyo ya tundu ndogo, ile ya kuingiza kamera ndani ya tumbo, sawa vile kupasua kumekwisha kazi. Tuichunguze kwa ugonjwa mumoja tu: matumbo yasiyozunguka vizuri.

Mutoto akiwa angali ndani ya mama, matumbo yake yanatoka kwa kitovu, yanarudi karibu na juma la 10, yakizunguka ili kukaa mahali pake. Kwa wachache mzunguko haumalizike. Siku moja yanajisokota, damu haipite tena, mutoto anatapika rangi ya majani. Ndani ya masaa machache yanaweza kufa.

William Ladd wa Boston alieleza operasyo yake mwaka 1936: kusokotoa, kukata utando unaobana, kupanua shina linaloshika matumbo, kisha membamba kuume, manene kushoto. Tangu miaka ya 1990 inafanywa pia kwa kamera.

Wenye kulinganisha wanahesabu siku za kitandani, urefu wa kovu, mutoto ameanza kula lini. Hapo kamera inashinda, sikatae. Lakini kuna jambo wanalipita mbio: kupasua kunaacha makovu ndani, na wamunganga wengi wanafikiri hayo makovu njo yanasaidia matumbo yasijisokote tena. Tafiti zilizojumlishwa zimeona kujisokota tena kunatokea zaidi kwa wale wa kamera. Yaani kile wanaita kasoro kinaweza kuwa sehemu ya dawa.

Yakijisokota tena Boston, mutoto anapandishwa ambulansi. Walikale ni pikipiki, matope, bariere. Hata Masisi-Centre mpaka Goma ni kilomita kama 80 tu, na wote tunazijua hizo kilomita! Siku mbili zaidi kitandani si kitu mbele ya hiyo safari.

Sisi wa kilimo tumezoea: mbegu inayozaa vizuri kwa shamba la majaribio la Mulungu, haizae lazima vile kwa mlima wa mama wa Nyabiondo. Hatulaumu mbegu. Tunauliza walipima wapi.

Sisemi kamera si yetu. Kule Panzi, Bukavu, Mukwege na Cadière wa Brussels wameitumia kutengeneza wamama. Ila ile ni kazi ya kupangiwa siku. Hii inakuja usiku, na jenereta haina mazutu.

Ningependa kusoma mlinganisho mumoja unaohesabu pia masaa, tangu yale matapishi ya kwanza mpaka mutoto kufika kwa meza ya operasyo.