Neno "Nakshi" na Kazi Yake katika Ushairi

Neno nakshi limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni mapambo yaliyochorwa, kuchongwa au kutariziwa. Atakaye kuiona katika mti na apite Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa (jina hilo ni Kimvita, kwingine wangesema Njia Kuu), aitazame milango mikongwe: minyororo katika miimo, maua katika mfaa.

Walakini katika mazungumzo neno hili limepata sifa mbaya. Husemwa kwamba fulani ametia nakshi maneno yake, yaani ameongeza chumvi. Na wanafunzi wengi, wakiulizwa kazi ya vina au mafumbo, hujibu kuwa ni nakshi ya shairi, kana kwamba shairi ni kanzu na vina ni tarizi iliyoshonwa baadaye. Jawabu hilo silikubali. Fundi wa milango haongezi kitu juu ya ubao, hupunguza. Ua ni ule mti ulioachwa na patasi, na mwenye kutaka kuliondoa hana budi kuuchonga ubao wenyewe.

Mtazame Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840. Aliishi zama za ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, ugomvi uliokwisha kwa Mazrui kuanguka mwaka 1837, naye aliyasema mengi ya siasa kwa mafumbo. Fumbo lake humlazimisha msikilizaji afikiri, achague upande. Ukimnyang'anya fumbo hilo, ukadai maneno wazi, utabaki na habari tu, tena habari ya ugomvi wa watu waliokwisha kufa.

Sikatai kwamba iko nakshi ya uongo. Mshairi akichopeka neno asilolihitaji ili apate kina tu, hiyo si nakshi, ni rangi. Hukwaruzika kwa ukucha.

Lakini soma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeililia Pate, mji wa visiwa vya kaskazini. Huonyesha madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za thamani, kisha huonyesha makinda ya ndege yamelala mumo humo. Pambo la nyumba ndilo hoja ya utenzi. Angeyaacha madaka yale, angebaki akisema kwamba dunia hupita, jambo ambalo msomaji alilijua kabla hajakifungua kitabu.