Hadhira, Wasomaji au Walengwa? Kitabu cha Mzee Kitereza na Msikilizaji wa Lalago

Katika miswada na barua zinazofika mezani petu kuombewa usanifu, kuna neno moja ambalo limezidi kutumika kila linapozuka suala la vitabu, nalo ni walengwa. Mchapishaji hutakiwa kuwataja walengwa wa kitabu chake. Mtafsiri huulizwa walengwa wake ni akina nani. Na ofisi inayogawa vijitabu vya afya hutoa taarifa kwamba walengwa wamefikiwa. Hatuna ugomvi na umbo la neno hilo. Limeundwa kutokana na kitenzi lenga kwa kanuni ile ile iliyotupatia mpendwa na mshitakiwa. Ugomvi wetu ni juu ya picha inayoletwa na neno hilo. Alengwaye husimama mbali, hana habari, na kazi yote ni ya mwenye upinde. Shabaha haijapata kumjibu mpiga mshale.

Kiswahili kinayo maneno mengine mawili yaliyotangulia. Msomaji ni mtenda: ndiye asomaye. Hadhira, neno lenye asili ya Kiarabu na ndugu wa hudhuria na mahudhurio, ni watu walio mbele ya msemaji, ambao aweza kuwaona wakitikisa kichwa au wakisinzia. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno haya matatu kwa kukitazama kitabu kimoja, kwani istilahi isiyopimwa kwa kazi hubaki kuwa pambo la kamusi.

Kitabu chenyewe ni kile cha marehemu Mzee Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka Ntulanalwo na Bulihwali. Historia yake yafahamika kwa wengi, lakini si vibaya kuikumbusha. Mzee Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha ya watu wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa Viktoria. Shabaha yake ilikuwa kuwaachia vijana wa Kikerewe habari za maisha ya wazee wao, kabla habari hizo hazijazikwa pamoja na waliozijua. Hakupatikana wa kukichapa. Lugha ilionekana kuwa na wasemaji wachache mno. Baada ya miaka mingi mwandishi akakifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 kikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Mzee Kitereza alifariki dunia kabla nakala hazijamfikia mkononi. Mwaka 2002 shirika la Mkuki na Nyota lilitoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Profesa Gabriel Ruhumbika moja kwa moja kutoka Kikerewe.

Basi kitabu hiki kimewahi kuwa na makundi matatu ya watu: vijana wa Ukerewe aliowakusudia mwandishi, wananchi wote wajuao Kiswahili, na wasomaji wa Kiingereza, wakiwamo watu weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi. Swali letu ni hili: ni kundi lipi lililo lake kwa haki?

Wako wanaolijibu swali hili kwa upesi. Husema kwamba kitabu cha Mwafrika ni cha wasomaji weusi, basi. Jibu hilo lina heshima yake, kwa sababu lilizaliwa wakati vitabu vyetu vilipokuwa vikipimwa kwa macho ya wageni tu. Hata hivyo wale waliofanya kazi hiyo kwa vitendo hawakumtafuta mtu mweusi wa jumla. Chukua mfano wa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika. Kilitolewa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House na Bogle-L'Ouverture ya London, shirika lililoanzishwa na Jessica na Eric Huntley. Wazee hao wawili walianza biashara ya vitabu nyumbani kwao. Waliokuja walikuwa majirani, wazazi na walimu, watu wenye majina, waliojua mlango wa kubisha. Kwa maneno mengine, walianza na hadhira, na kutoka hadhira wakapata wasomaji. Rangi ya ngozi ilikuwa sababu ya kukutana. Haikuchukua nafasi ya kukutana.

Anwani ya kitabu nayo huonyesha jambo hilo hilo. Riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958, ina jina lililochotwa katika shairi la mshairi wa Ireland, W. B. Yeats. Jina hilo humwita msomaji aliyepitia ushairi wa Kiingereza darasani. Clement Ndulute alipoifasiri kwa Kiswahili mwaka 1973 aliiita Shujaa Okonkwo. Jina hili humwita mtu mwingine, yule aliyezoea ngano za mashujaa. Mwandishi ni mmoja, naye ni mweusi. Wasomaji wa matoleo yote mawili waweza kuwa weusi vile vile. Lakini hadhira ni mbili.

Tulipata nafasi ya kuyachunguza haya Lalago, katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Lalago ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na lugha ya nyumbani ni Kisukuma. Kanda hii ya Ziwa ina sifa yake katika historia ya usomaji nchini. Ndiko ulikoendeshwa mradi wa majaribio wa kisomo kwa msaada wa UNESCO kuanzia mwaka 1968, ambapo watu wazima walifundishwa kusoma kwa njia ya kazi zao wenyewe, kilimo cha pamba kikiwamo. Kwa hiyo hatukwenda kwa watu wasiojua kitabu ni nini.

Tulichukua sura za mwanzo za kitabu cha Mzee Kitereza tukaomba zisomwe kwa sauti jioni, nyumbani kwa mwenyeji wetu, mbele ya wazee na vijana. Tulikuwa tumetayarisha orodha ya maneno tuliyodhani yatawakwaza, kwa kuwa mambo ya Ukerewe si ya Lalago. Yatupasa kukiri kwamba orodha hiyo haikutufaa sana. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu jamaa za mumewe wamemsimanga kwa kukosa mtoto. Myombekere anakwenda kumwomba arudi, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Hakuna aliyeuliza habari za pombe hiyo, ijapokuwa Lalago si nchi ya migomba. Waliloshindana juu yake ni kama ilikuwa haki kumtoza mume faini ilhali matusi yalitoka kwa jamaa zake. Mama mmoja alishikilia kwamba mume asiyewanyamazisha ndugu zake amesema pamoja nao. Mjadala ukachukua muda mrefu kuliko usomaji wenyewe.

Pametokea jambo la pili ambalo hatukulitazamia. Mzee Kitereza hueleza desturi kwa urefu: namna ya kusalimu, ya kupokea mgeni, ya kutayarisha chakula. Msomaji wetu alipofika mahali pa namna hiyo, wazee walimwambia apite, kwani hayo wanayajua. Vijana wakakataa, wakataka asome, maana wao hawayajui. Ikawa sasa wazee wanasahihisha kitabu kwa desturi za Kisukuma, na vijana wanauliza tofauti.

Hapo tulifahamu kwamba tulikuwa tumeligawa kundi vibaya. Tuligawa kwa kabila na kwa lugha, kumbe mpasuko ulikuwa wa umri. Na ndivyo mwandishi alivyokitunga kitabu chake tangu mwaka 1945: mjukuu asiyejua akae karibu na babu anayejua. Hadhira yake ya haki ni marika mawili yaliyoketi pamoja. Ukerewe au Lalago, kitabu hufanya kazi yake marika hayo yanapokutana. Yasipokutana, hata msomaji wa Ukerewe atakiona kirefu na kizito.

Tahakiki hii ina matokeo ya vitendo. Tumepata kusikia hoja kwamba kitabu hiki kifupishwe kwa ajili ya shule, yaondolewe maelezo ya desturi, ibaki hadithi tupu. Wenye hoja wanataka kumsaidia mwanafunzi, nasi twaitambua nia yao njema. Lakini maelezo hayo ndiyo sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi huyo huyo. Ukiyakata, utabakiwa na kitabu cha wale ambao tayari wanajua, nao hawakihitaji. Afadhali mwalimu apewe sura chache kamili na aruhusiwe kumwalika mzee mmoja darasani, kuliko kupewa kitabu kizima kilichonyofolewa. Wala hatusemi kwamba lugha ya kitabu haina dosari. Sentensi zake nyingine ni ndefu kupita pumzi ya msomaji wa sauti, na toleo la baadaye lingeweza kuzipumzisha kwa alama za kituo bila kugusa neno.

Kuhusu istilahi, twapendekeza hivi. Neno walengwa litumike kwa miradi, chanjo, pembejeo na matangazo, ambako mpaji ndiye apimaye kazi. Wasomaji litumike kwa wale wanaokishika kitabu, ambao waweza kuhesabiwa kwa nakala zilizouzwa au kuazimwa. Hadhira libakizwe kwa watu ambao mwandishi aliwaweka mbele yake alipokuwa akiandika, pamoja na wale wanaoketi mahali pao leo. Mtafsiri anayejaza fomu ya mchapishaji asiandike tu kwamba hadhira yake ni Waafrika au watu weusi. Aandike ni nani atakayesoma, ni nani atakayesikiliza, na ni kitu gani mmoja wao anakijua ambacho mwenzake hakijui.

Walimu na watafsiri walio karibu na vijiji twawaomba wafanye jaribio kama hili kwa kitabu chochote watakachochagua, kisha watuandikie. Orodha yetu ya maneno tumerudi nayo kutoka Lalago ikiwa na masahihisho mengi ya wazee pembeni, na tutaishughulikia upya kabla ya kuifikisha kwa kamati.