Ngalawa ya Mwanagenzi: Namna ya Kuitambua Iliyo Njema

Mtu anayetafuta ngalawa ya kujifunzia, awe Kilwa Masoko, Mchinga au Lindi mjini, huanza karibu kila mara kwa kushika mrengu na kuutikisa, kisha hutoa hukumu: hii imetulia, ile inayumba. Kipimo hicho ni chepesi na kinapotosha. Ngalawa iliyotia nanga na ngalawa iliyo mbioni ni kama vyombo viwili tofauti. Mirengu yake ni mbao nyembamba zilizofungwa kwa mshazari kwenye ncha za miti miwili inayokingama juu ya gogo, na ubao mwembamba namna ile haubebi uzito mkubwa kwa kuelea tu. Nguvu yake hasa inatoka kwenye mwendo, kwani maji yanayopita chini ya ubao ulioinama huusukuma juu, na kadiri chombo kinavyokwenda kasi ndivyo msukumo unavyozidi. Ndiyo maana ngalawa inaweza kulala upande mtu anapoipanda kwa mguu mmoja, na muda mfupi baadaye, tanga likishashiba upepo, ikakimbia wima. Anayeipima ikiwa imesimama amepima kitu ambacho baharini hatakuwa nacho. Kipimo cha kweli ni kingine: je, chombo hiki kinamwonyesha mwanagenzi kosa lake mapema, na kinampa nafasi ya kulirekebisha kabla maji hayajaingia?

Urefu ndio wa kwanza kuutazama. Gogo refu hushika njia. Mkono wa mwanagenzi ukitetemeka kwenye usukani, omo haiparuki mara kulia mara kushoto, na chombo kinakengeuka polepole kiasi kwamba hata jicho lisilozoea linaona. Walimu wa kuteleza juu ya mawimbi, kuanzia Hawaii hadi pwani za Afrika Kusini, humpa anayeanza ubao mrefu unaokaribia mita 3 kwa sababu hiyo hiyo, na ubao mfupi huja baadaye, miguu ikishaelewa. Wapo watakaosema kwamba ngalawa ndefu ni nzito kugeuza na kwamba kijana atachoka nayo. Ni kweli inageuka kwa uvivu. Lakini uvivu huo unamfundisha kupanga mgeuko kabla ya kuufanya, na hiyo ndiyo nusu ya kazi ya kubisha. Aliyejifunza kwa kijingalawa kifupi kinachogeuka kama kishada huja kushangaa siku akipewa mashua.

Cha pili, ambacho wanunuzi wengi hawakijaribu kabisa, ni tabia ya chombo usukani ukiachwa. Ngalawa iwe inakwenda kwa upepo wa ubavuni, tanga limejaa, halafu msukani aondoe mkono. Iliyopangwa vizuri itapandisha omo yake taratibu kuelekea upepo, tanga litaanza kupiga, mwendo utapungua, chombo kitasimama. Iliyopangwa vibaya itageukia upande wa pili, itaukimbia upepo, na hapo tanga linaweza kuvuka ghafla, foromali na vyote. Tofauti hii inatokana na mahali mlingoti ulipowekwa, ukubwa wa tanga na mahali watu walipokaa, kwa hiyo mara nyingi inarekebishika: tanga likipunguzwa au abiria akisogea, tabia hubadilika. Ila ngalawa inayokataa kurekebishika haimfai mwanagenzi hata kama inashinda mashindano yote ya ghuba. Mkono wenye uzoefu unaizuia bila kufikiri, na mkono mgeni haujui hata kwamba kuna cha kuzuia. Kamba ya demani nayo itazamwe hapo hapo. Ifungwe namna ya kuachika kwa mvuto mmoja, maana kuachia demani ndiyo dawa ya kwanza ya upepo uliozidi, na fundo lililokaza huigeuza dawa kuwa kitendawili.

Kisha uje kwenye kazi ya fundi. Simama tezini, fumba jicho moja, utazame hadi omo. Gogo lililopinda huvuta upande mmoja siku zote, na mwanagenzi atadhani kosa ni lake. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole toka mbele hadi nyuma ukisikiliza sauti. Mwembe, ambao ndio mti uliozoeleka kwa kazi hii, huchongwa vizuri kwa tezo lakini huoza pale maji ya mvua yanapotuama, na penye uozo mlio hufifia. Wembamba wa ubavu usikufurahishe mno. Chombo chepesi huburutwa mchangani bila tabu, lakini bandu bandu huisha gogo, na aliyechonga akapitiliza huacha sehemu ambayo siku ya kugonga mwamba ndiyo itakayopasuka. Viraka vya bati na lami si aibu, kwani ngalawa isiyo na kiraka huenda haijafanya kazi. Jiulize tu kama kiraka kimefunika ufa uliokwisha kutembea au ufa ambao bado unatembea, nalo utalijua ukitazama zaidi ya mwisho wa bati.

Miti ya kukingama ifungwe kwa kamba. Sehemu nyingine siku hizi hupigiliwa misumari, na wanaoipenda husema ni imara zaidi. Ni imara nchi kavu. Katika mawimbi, mrengu mmoja ukiinuliwa na mwingine ukizama, kamba hulegea kidogo na kurudi, ilhali msumari hauna pa kwenda ila kupanua tundu lake. Zaidi ya hayo, kamba iliyochoka hulia kabla ya kukatika, na mlio huo ni aina ile ile ya onyo tunayoitafuta katika chombo kizima.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanaosema kwamba mirengu yenyewe inadekeza: mtoto wa Kilwa Kisiwani ajifunze kwanza kwa mtumbwi mtupu, aanguke, mwili wake ujue. Wana hoja kuhusu mwili. Anayeweza kusimama katika mtumbwi na kusukuma pondo hatapata shida ya mizani tena. Lakini mtumbwi haufundishi tanga, na mtu huzama kwa tanga zaidi kuliko kwa mizani. Kuhusu boti za faibaglasi, sina ugomvi nazo. Hazinywi maji, na magogo makubwa ya mwembe yamekuwa adimu. Vipimo vya urefu, usukani na demani vinazihusu vile vile.

Mahali pa kujaribia napo ni sehemu ya hukumu. Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kilwa Kisiwani umekingwa, na ngalawa mbovu inaweza kujificha humo asubuhi nzima. Kilwa Kivinje maji yakipwa huacha tope mbali na ufuko, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, kwa hiyo jaribio lisilohesabu maji linaishia kwenye kukwama. Ijaribu ngalawa mkondo ukiwa kinyume na upepo, pale mawimbi yanaposimama mafupi mafupi, nayo itasema yote katika nusu saa. Kama umeijaribu wakati wa kaskazi peke yake, usilipe pesa yote. Bakiza kiasi, mkubaliane na mwenyewe, urudi mwezi wa Julai kusi likivuma.