Shimo la Septemba huchimbwa Februari

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukifika, ofisi ndogo za uhasibu na ukaguzi huanza kulalamika kwamba kazi hakuna. Fedha za msimu zimekwisha kuingia, mwenye jengo anadai pango la robo mwaka, na wabia wanalaumu hali ya uchumi au wapinzani wanaoshusha bei. Huenda uchumi una hatia yake. Lakini mara nyingi kilichoharibika kiliharibika Februari, wakati ofisi ilipokuwa na kazi kupita kiasi na kila mtu akiamini mambo ni mazuri.

Kalenda ndiyo inayotega. Kampuni nyingi za Tanzania hufunga hesabu tarehe 31 Desemba. Sheria ya Kodi ya Mapato inazipa miezi sita kuwasilisha ritani ya mwisho, yaani hadi 30 Juni, siku ileile inayodaiwa awamu ya pili ya kodi ya makadirio. Awamu ya kwanza imedaiwa mwishoni mwa Machi, na ritani ya VAT ya tarehe 20 kila mwezi haimsubiri mtu. Ndani ya miezi hiyo hakuna mbia anayeamua kuacha kutafuta wateja. Anaahirisha tu: chakula cha mchana na meneja wa mikopo wa benki kinasogezwa wiki ijayo, simu ya mteja wa zamani inangoja ukaguzi wa kiwanda uishe, andiko la kazi lililoombwa linabaki nusu kwenye kompyuta. Kufikia Julai, tabia nzima imekufa bila mtu kuiua.

Ubaya wa kulala namna hii ni kwamba maumivu yake huchelewa. Tuchukue ofisi ya mfano yenye wabia wawili na wafanyakazi watano. Tuseme tangu mazungumzo ya kwanza na mteja mpya hadi kusaini barua ya kazi ni wiki 10, kazi yenyewe wiki 6, kisha ankara ikae wiki 9 kabla ya kulipwa, jambo ambalo kwa hapa kwetu ni malipo ya haraka. Jumla ni wiki 25, karibu miezi sita. Mteja ambaye hukuongea naye Februari ni fedha ambazo hazitaingia Agosti. Malipo ya kazi za Juni hufunika pengo hilo kwa muda; yakiisha, shimo linaonekana.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini juhudi kubwa za Septemba huwavunja watu moyo. Ukianza Septemba kutafuta mteja mpya kwa mzunguko wa wiki 25, fedha zake utaziona Machi. Wabia wengi hukata tamaa Novemba. Wanasema tumejaribu, haikusaidia, wakati mzunguko wa kwanza haujafika hata nusu.

Kwa hiyo swali la kwanza la ofisi inayoanza upya ni mlango upi una mzunguko mfupi. Wateja wangapi unawahitaji ni swali la baadaye. Mteja ambaye tayari unamwandalia ritani, ukimwonyesha kwamba hesabu za stoo yake hazilingani na vitabu, anaweza kukubali kazi ndani ya wiki 2, ukaimaliza kwa wiki 3 na kulipwa baada ya wiki 4. Hizo ni wiki 9. Anayeanza na mlango huo mapema Julai huona fedha mapema Septemba, na fedha hizo ndizo zinazonunua subira ya kungoja milango mirefu.

Mlango mrefu kuliko yote ndio unaokimbiliwa kwanza, yaani zabuni za serikali. Tangu NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, ichukue nafasi ya TANePS mwaka 2023, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuziona tenda akiwa mezani kwake, na ofisi yenye njaa huweza kuandika maandiko kumi kwa mwezi mmoja. Sisemi zabuni ziachwe. Taasisi za umma hupanga manunuzi kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, hivyo Julai ni wakati mzuri wa kusoma mipango yao na kuchagua mbili au tatu zinazokufaa kweli. Lakini kwanza kagua nyaraka zako. Baada ya nusu mwaka wa kutoangalia, unaweza kukuta leseni ya biashara au cheti cha kulipa kodi kimepitwa na wakati, na andiko la kurasa 60 likaanguka kwa karatasi moja. Kisha kuna tathmini, rufaa, mkataba na malipo yanayofuata ratiba ya hazina. Anayeanza hapo ameacha mbachao kwa msala upitao.

David Maister, aliyeandika kitabu kinachosomwa sana kuhusu uendeshaji wa ofisi za kitaaluma mwaka 1993, aliwashangaa wabia kwa jambo hilihili: wanafahamu kwamba wateja walionao ndio chanzo kizuri zaidi cha kazi mpya, halafu nguvu yao yote wanaimwaga kwa wageni. Nadhani sababu ni aibu zaidi ya ujinga. Kumwandikia mgeni ni rahisi kwa sababu hajui kwamba ulimsahau. Mteja wa zamani anajua.

Kazi ya kwanza, basi, ni orodha, na inapaswa kutoka kwenye ankara za miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa kumbukumbu ya mbia hukumbuka wateja wakubwa na waliomuudhi tu. Baada ya wateja ongeza watu ambao kwa kawaida husahaulika: vijana waliofanya mafunzo kwako na sasa ni wahasibu wakuu kwenye kampuni nyingine, maofisa mikopo wanaodai hesabu zilizokaguliwa kabla ya kutoa fedha, mawakili wanaosajili kampuni na kushughulikia mirathi. Kwa ofisi yenye umri wa miaka kumi, vijana waliopita pale mara nyingi ni hazina kubwa kuliko wateja wenyewe. Wanaujua ubora wa kazi yako kwa ndani, na mkurugenzi wao akiuliza nani aitwe, wao ndio wanaojibu.

Kuna utafiti unaounga mkono orodha ya namna hii. Mwaka 2011, Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walichapisha matokeo ya kuwataka mameneja wawatafute watu waliopoteana nao kwa miaka na kuwaomba ushauri kuhusu kazi waliyokuwa nayo. Ushauri wa watu hao ulikuwa na manufaa makubwa. Wakati wa kupoteana, kila upande ulikuwa umejifunza mambo ambayo mwingine hayajui, lakini imani ya zamani ilikuwa bado ipo. Mwaka 2022, Peggy Liu na wenzake walionyesha kwa mfululizo wa majaribio kwamba anayetafutwa ghafla hufurahi kuliko anavyotarajia yule anayemtafuta. Hofu ya kuonekana msumbufu hukaa zaidi kwa mpigaji.

Hofu hiyo hata hivyo huandika ujumbe mbaya. Ujumbe mbaya unaanza na maelezo marefu ya huduma, unaambatanishwa na wasifu wa kampuni wenye picha za wabia waliokunja mikono, na unatumwa kwa watu 200 kwa mpigo. Linganisha na huu: “Shikamoo mama. Ni siku nyingi, nilipotea na kazi za ritani. Sheria ya Fedha mpya imeanza kutumika, na kuna kipengele kinachogusa kodi ya zuio unayokata kwenye pango la ghala la Buguruni. Nikupigie kesho asubuhi dakika kumi nikueleze?” Salamu imetangulia kama inavyopasa. Kupotea kumekiriwa kwa maneno machache, bila kujikanyaga kwa kuomba radhi. Ghala limetajwa kwa mahali pake, kwa hiyo mama anajua ujumbe haukutumwa kwa umati. Hakuna kinachouzwa. Atajibu “Umepotea sana!” na ukimya utakuwa umekwisha.

Sheria ya Fedha imetajwa kwa makusudi. Wahasibu wana bahati ambayo taaluma nyingi hazina: kila Juni bajeti husomwa, na 1 Julai mabadiliko ya kodi yanaanza kutumika, wiki ileile wanayotoka kwenye msimu. Mwaka 2023, kwa mfano, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT kilipanda kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Mhasibu mwenye wateja saba katikati ya viwango hivyo alikuwa na simu saba za kupiga, kila moja ikiwa na habari ambayo mteja angeitaka hata kama hakuna kazi itakayofuata. Wakili hana siku moja ya mwaka kama hiyo, na tena huko kanuni za taaluma ni kali zaidi kuhusu kujitangaza. Kenya ililegeza mwaka 2014 kwa kanuni maalumu za matangazo ya mawakili. Hata hivyo, kumpigia mteja wako wa zamani kumweleza kwamba sheria ya ajira imebadilika bado ni huduma.

Baada ya orodha na ujumbe kinakuja kipande kigumu, cha kuendelea wiki ya nne msisimko ukiwa umekwisha. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja ndogo ya kila siku. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010, ilichukua wastani wa siku 66 tabia kuanza kujiendesha yenyewe, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Mbia asidanganyike na wastani. Kinachofaa ofisini ni matokeo yao mengine: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo mpango unaosema “simu tano kila siku” unajitafutia kifo, kwa sababu siku mbili zikipita deni ni simu kumi na mtu anaficha daftari. Simu tatu kila Jumanne kabla ya saa nne zinatosha. Jumanne ikipita, imepita, na hakuna viporo. Wapigaji ni wabia wenyewe. Kazi hii akipewa kijana wa mapokezi, mteja anaelewa haraka thamani yake.

Kwa miezi mitatu ya kwanza kipimo kiwe mazungumzo yaliyofanyika. Mikataba isihesabiwe. Ukihesabu mikataba Agosti utapata sifuri, na sifuri hiyo haikwambii lolote kwa sababu mzunguko haujakamilika.

Halafu Januari itarudi. Mipango mingi ya Julai hufia hapo, kwa kuwa mbia hujiahidi kwamba safari hii atafanya yote mawili. Hatafanya. Ni afadhali aamue mapema nini kikatwe. Chakula cha mchana, semina na maandiko mapya vinaweza kwenda. Kisichokatwa ni kikao cha kufunga ukaguzi, ambacho kipo kwenye ratiba hata hivyo. Pale mkurugenzi na mhasibu wake wamekaa mezani na barua ya menejimenti iko mbele yao, imejaa udhaifu ulioandikwa kwa mkono wako. Kwa nusu saa zaidi, mtu anaweza kuuliza lipi kati ya hayo linawasumbua zaidi.

Tuseme wakijibu ni mfumo wa stoo. Tatizo ni kwamba mkaguzi hawezi kuutengeneza mfumo kisha akaukagua mwenyewe. Maadili ya taaluma yanalinda uhuru wake, na yanastahili kuheshimiwa hata ofisi ikiwa na njaa. Kazi hiyo ya stoo iende kwa ofisi nyingine, nayo ofisi hiyo ikumbuke kukuletea ukaguzi ambao yenyewe haiwezi kuuchukua. Makubaliano ya kupeana kazi namna hii yaandikwe Novemba au Desemba, na wateja waelezwe. Kufikia Machi hakuna mbia atakayepata muda wa kuyajadili.